Baba Aliyeniamkia

Kwako baba, uliyelala Misima,

Mwanzoni mwa msimu huu wa machungwa, mtu wa umri wako aliingia ofisini kwangu, akavua kofia, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa asubuhi, mlango uko wazi, mama wa usafi anafagia nje, jua limefika mpaka kwenye miguu ya kiti, na hapakuwa na kitu chochote cha kuogopa. Lakini mwili wangu ulikwisha kurudi kwenye kibaraza chetu cha Korogwe. Nilikuwa tena mtoto wa shule ya msingi mwenye madaftari mapajani, na wewe ulikuwa unashuka kwenye Fuso lako, umeushikilia mlango usianguke, unacheka, unaniinamia mbele ya majirani wote: "Shikamoo, mama yangu!"

Ulinipa jina la mama yako, kwa hiyo nilikuwa mama yako. Hilo ni la kawaida kwetu. Nusu ya mabinti wa mtaa wetu waliitwa "mama" na baba zao. Ila baba wengine waliishia kwenye kuita. Wewe uliamkia. Ulisimama wima kama uko mbele ya mkwe, ukasubiri, na mimi nikaikaza sauti yangu nikajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?" Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mama Zaina, jirani yetu aliyekuwa anauza dagaa, alipiga makofi akasema, "Huyu mtoto iko siku atamchapa baba yake!"

"Na anichape," ulijibu. "Mama akikuchapa unakua."

Nilijivuna sana. Ilinichukua muda kuona kwamba hukuniamkia kila siku. Siku ulizorudi hujanywa uliingia kimya, ukavua viatu mlangoni, ukaniuliza kama nimekula. Shikamoo ilikuja na pombe. Ilikuja pia na harufu ya maganda ya machungwa, kwa sababu ulikuwa unabeba machungwa kutoka Handeni na ulijifunza kutafuna ganda ili uue harufu nyingine. Nilipokwisha kulijua hilo niliendelea kuitika marahaba, na watu waliendelea kucheka, lakini moyoni nilikuwa nasoma: kaamkia, basi kesho mama hatazungumza mpaka mchana. Kaamkia mara mbili, basi funguo za gari zitalala chini ya mto wa mama. Nilikuwa mtoto na nilikuwa nabashiri. Sasa ni mtu mzima, na nalipwa kwa kazi hiyo hiyo.

Hukuwahi kujua nimekuwa nani. Mimi ni afisa probesheni, baba. Hakimu akimtia mtu hatiani anaweza, kabla ya kuamua adhabu, kumleta kwangu: nenda kamchunguze huyu, uniambie, nikimwacha nje ya gereza chini ya uangalizi, atatulia au atarudia? Basi naenda nyumbani kwake. Naongea na mke, na jirani, na mwajiri, na mjumbe wa mtaa, kisha naandika. Ni kazi ya yule mzee aliyekuwa anakuja kwetu na baiskeli. Ulipokuwa unaongea na mama ulimwita "yule mgeni wako", kana kwamba mama ndiye aliyemwalika.

Alikuja mara ya kwanza ulipokamatwa umelewa nyuma ya usukani karibu na Segera. Akaja tena ulipoingia na gari kwenye ukuta wa duka la watu, Handeni mjini, mchana kweupe. Mara zote mbili aliketi kibarazani, akapewa chai na mihogo ya kuchemsha, akaanza kuuliza mtaa habari zako huku wewe mwenyewe umekaa pale pale unamenya muhogo. Na mtaa ulisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuna aliyedanganya. Una mke, una nyumba, una shamba Misima, hupigi mtu, unalipa ada, wagonjwa unawabeba bure. "Huyu ni mtu wa watu," alisema mjumbe. Mama Zaina alisimama na ungo wake wa dagaa kiunoni, akasema, "Mzee, mimi mwenyewe napanda gari lake. Tena nakaa mbele. Ningekuwa na wasiwasi ningekaa mbele?"

Yule mzee akacheka, akaandika. Ukaachiwa.

Uangalizi wa pili ulikuwa na sharti: usiguse pombe mpaka muda uishe. Ulilishika, baba. Nataka uelewe kwamba niliona. Ulirudi nyumbani umechoka, vidole vinatetemeka unapofungua kamba za viatu, lakini ulirudi kimya. Majuma yalipita bila shikamoo. Mama alianza kuimba akipika. Nami nikaanza kusahau kusikiliza, na kusahau kusikiliza ndiko kulala usingizi wenyewe, hilo nimelijua ukubwani.

Kisha baba mkubwa akatuita Misima. Alikuwa amekaa akafikiri, akaona ajali mbili kwa gari moja si bure. "Lile gari lina kitu," alisema, na wazee wakakubaliana naye. Likapelekwa, likaegeshwa mbele ya nyumba ya babu, likatambikiwa. Nakumbuka kila kitu. Mbuzi alifungwa kwenye bampa. Maji ya unga yalinyunyizwa kwenye matairi, moja baada ya jingine, na shangazi akazungusha majani kwenye usukani huku akisema maneno ya Kizigua ambayo mama, Msambaa wa watu, hakuyafuata. Watoto tulikatazwa kucheka. Na mwisho kikaletwa kibuyu cha pombe ya miwa, kwa sababu wazee walioko chini hawaongei na mtu aliyekauka koo.

Mama alisogea mbele. Sijui alipata wapi moyo. "Shemeji," alisema, "mahakama imemkataza asiguse."

"Mahakama imejengwa juzi, shemeji," baba mkubwa akamjibu, na watu wakacheka. "Hawa wako tangu enzi. Mwenye gari lazima aonje wa kwanza, la sivyo tumechinja mbuzi wa kitoweo tu."

Ulinitazama mimi. Katika watu wote wale, ulinitafuta mimi. "Mama," uliniambia, "hii si kunywa. Hii ni dawa." Ukapokea kibuyu.

Tuliliombea gari, baba, dereva tukamnywesha. Nimelifikiria jambo hili miaka yote ya shule na chuo, na sijapata hasira ya kumtosha mtu yeyote aliyekuwepo siku ile. Walikupenda. Walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka mbali kukuokoa, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba ubaya uko kwenye chuma.

Uliporudi Korogwe ulikuwa na amani ambayo sijawahi kuiona usoni kwako. Gari limesafishwa. Tena kitu kingekupata wapi? Shikamoo zikarudi, mwanzoni moja moja, jioni.

Asubuhi ile uliniamkia. Hiyo ndiyo asubuhi ninayoizungumzia, unaijua. Nilikuwa nimevaa sare, nafunga kiatu, ukatoka chumbani ukasema, "Shikamoo, mama," kwa ile heshima yako yote, na nikasimama na kiatu kimoja. Haikuwahi kuwa asubuhi. Niliingia jikoni nikamwambia mama, "Baba kaniamkia." Mama akatoka akakutazama. "Mbona unamwamkia mtoto saa hizi?" akauliza. Ukacheka. "Namsalimia mama yangu. Nayo ni kosa?" Aliuliza kuhusu salamu. Kuhusu pombe hakuuliza. Na nani angezuia gari lisiondoke kwa sababu ya salamu?

Sitaandika mengi kuhusu mteremko ule. Mlitoka Handeni mchana, gari limejaa machungwa, Mama Zaina amekaa mbele na matenga yake matupu. Waliofika kwanza walisema barabara yote ilinuka kama mtu anamenya chungwa. Mama Zaina alizikwa siku moja na wewe, yeye kwa kisomo, wewe kwa nyimbo za kanisani, na watu wakagawana: nusu huku, nusu kule. Binti yake Zaina sasa ndiye anayeuza dagaa sokoni Manundu. Nikienda kununua hunifungia, hunirudishia chenji, husema "Karibu tena, dada." Hanitazami. Simlaumu. Mimi pia nikijitazama kwenye kioo naona pua yako.

Siku hizi kazi yetu haifanywi kwa chai na mihogo peke yake. Tulipelekwa kwenye mafunzo, tukapewa dodoso la kupimia hatari. Unamwuliza mtu maswali: alikamatwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, ana kazi, anaishi na nani, amehama mara ngapi, rafiki zake ni watu gani, anakunywa kiasi gani, anaona kunywa kwake ni tatizo au la. Kila jibu lina alama. Mwisho unajumlisha, na jumla inakuambia: hatari ndogo, ya kati, kubwa. Mkufunzi wetu alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani. "Dodoso hili halimjui mtu," alituambia. "Linawajua watu. Likisema hatari kubwa, linasema kwamba wanaofanana na huyu, wengi wao hurudia. Yeye mwenyewe bado hamjamjua."

Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono. "Sasa mama, hakimu akiniuliza, namwandikia watu au mtu?"

"Ndiyo maana mshahara unalipwa wewe," mama yule akamjibu, "haulipwi dodoso."

Tulicheka. Wakati wa mapumziko wengine walipokwenda kula, nilibaki kwenye kiti changu nikakupima wewe. Nilijibu kwa niaba yako, kwa uaminifu, kama ulivyokuwa ule mwaka wa Segera. Mke, nyumba, shamba, kazi. Hujawahi kuiba wala kupigana. Umekamatwa ukubwani. Ikaja hatari ndogo. Nikakupima tena kama ulivyokuwa baada ya ule ukuta wa duka. Ikaja ya kati, tena kwa chini. Nilikaa natazama ile jumla mpaka wenzangu wakarudi wananukia pilau. Ungeachiwa, baba. Kwa elimu yote hii, ungeachiwa mara zote mbili, kama ulivyoachiwa na yule mzee wa baiskeli. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile kumbe nikitafuta swali moja ambalo lingekuzuia, na halikuwemo. Pale palipotakiwa kuandikwa "anamwamkia mwanawe" hapakuwepo.

Sasa nikurudishe kwa yule mtu aliyevua kofia.

Anaitwa Mzee Lameki. Alikuwa anaendesha pikapu ya mtu, anabeba watu na mazao kati ya Kerenge na Korogwe. Amekamatwa akiendesha amelewa kwa mara ya tatu. Safari hii aliingia mtaroni karibu na Makuyuni akiwa na abiria nyuma. Mungu alisaidia, watu walitoka na michubuko. Hakimu alitaka kujua kwangu: gerezani, au nje chini ya uangalizi?

Nilimpima kwa dodoso. Hana kiwanja, amehamahama, amekamatwa mara ya kwanza akiwa kijana, rafiki zake wote hukutana kilabuni. Hatari kubwa. Na kabla ya dodoso kulikuwa na ile shikamoo, asubuhi, mdomoni mwa mtu mzima. Nilikuwa na ushahidi wa aina mbili, mmoja wa serikali na mmoja wako, na aina zote mbili zilisema jambo moja. Ilikuwa rahisi kuandika. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika ile sentensi kichwani nikiwa bado natazama kofia yake magotini.

Hapo ndipo nilipoogopa; sikumwogopa yeye, nilijiogopa mimi. Kwa sababu sikujua kama namwona Mzee Lameki au nakuona wewe. Mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya pombe yake. Hawezi kufungwa kwa sababu ya baba yangu.

Nilikwenda Kerenge. Mke wake alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakusimama.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kumchukua au kumwona?"

"Kumwona, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kaa. Wa kumchukua huwa hawakai."

Nilikaa kwenye kigoda nikamsaidia kupukuchua. Nilimwuliza yote ya kwenye dodoso na akayajibu, bila kumpamba mumewe na bila kumpaka matope. Nilimwuliza kama angemruhusu mjukuu wake apande gari la Mzee Lameki. Alimaliza gunzi moja, punje zinaanguka kwenye ungo. "Asubuhi, ndiyo," alisema. "Jioni, aje kwa miguu."

Kisha nikauliza lile ambalo halikuwa kwenye karatasi. "Mama, kwa nini mzee aliniamkia? Mimi ni mtoto kwake."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Lameki? Huyo angemwamkia hata kuku wa bwana shamba! Kazaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge. Baba yake alitoka mbali huko kuja kukata. Watoto wa kambi walifundishwa hivyo: ukimkuta mtu kakaa mezani ana kalamu, amkia kwanza, umri mtaulizana baadaye."

"Hata kama hajanywa?"

"Akinywa?" Akaacha kucheka. "Akinywa haamkii mtu yeyote. Akinywa anakuwa yeye bwana shamba. Anaingia hapa na kofia yake kichwani, anataka sisi ndio tumwamkie. Nikisikia anaamkia njiani, nasema Mungu asante, leo ni mume wangu anayekuja."

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka nilitembea mpaka barabarani na pumba za mahindi zikiniwasha mikononi. Neno lile lile, baba. Mdomoni mwako lilimaanisha pombe, mdomoni mwake linamaanisha kwamba hajaigusa. Nilikuwa karibu kumpeleka mtu gerezani kwa heshima yake.

Nilipokaa kuandika niligundua jambo jingine, na hili nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia. Nilizoea kufikiri kwamba hatari kubwa ni neno la kumfungia mtu mlango. Sivyo tulivyofundishwa. Tulifundishwa kwamba hatari kubwa maana yake huyu asiachwe peke yake: aonwe mara nyingi, aulizwe mara nyingi, apewe mtu wa kumshika mkono. Ni mwenye hatari ndogo ndiye unayeweza kumwacha aende zake. Na wewe ulikuwa mzuri, baba. Ulikuwa mzuri kwenye kila mstari. Kwa hiyo tulikuacha uende zako.

Nilimwandikia hakimu kwamba dodoso linasema hatari kubwa, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo namwomba amweke chini ya macho yangu. Asishike usukani. Afanye usafi wa hospitali kila asubuhi kama huduma kwa jamii. Ahudhurie ushauri wa watu wanaoacha pombe. Aripoti kwangu kila Jumatatu. Hakimu alinitazama juu ya miwani. "Una uhakika, binti?"

"Sina, mheshimiwa," nilimjibu. "Nina mpango."

Akaukubali. Nilitoka mahakamani na hofu, kwa sababu sasa kama huyu mtu atapata gari la kuazima akaingia tena barabarani na Mama Zaina wa watu amekaa mbele, jina lililo chini ya karatasi ni langu. Yule mzee wa baiskeli naye aliweka jina. Sikumfikiria hata siku moja mpaka nilipotia sahihi yangu. Sijui alizipokeaje habari za mteremko ule. Sijui kama alikula siku ile.

Basi Jumatatu zikaanza. Huwezi kujua Jumatatu zangu zilivyo. Nakaa mezani, nakaza masikio, nasikia viatu vyake nje, mama wa usafi anamtania, "Mzee, leo umechelewa, mke kakuficha?" Kisha mlango. Na mimi, ambaye kwa miaka yote hii neno lile likitamkwa na mtu mzima huhisi baridi mgongoni, nakaa pale naliombea lije. Anavua kofia. "Shikamoo, mama." Nami naitika, "Marahaba, mzee," kwa sauti ile ile ya kibarazani, na mtoto aliye ndani yangu anatetemeka, na afisa anaandika: amefika.

Jumatatu iliyopita aliingia na kofia kichwani.

Hakuniamkia. Alivuta kiti akakaa, akaweka mfuko wa plastiki mezani kwangu, na chumba kizima kikajaa harufu ya machungwa. Baba, sikuona Mzee Lameki. Niliona kioo cha mbele cha Fuso kimevunjika. Nilishika ukingo wa meza.

"Mzee," nilisema, "mbona leo huniamkii?"

Akachanganyikiwa. "Mke wangu kanisema. Kasema ulimwuliza habari ya shikamoo zangu, akahisi unaona aibu, mtoto wa watu. Akaniambia, Lameki, unamdhalilisha yule binti, hebu acha, tena vaa kofia yako ukae kama baba mtu. Na haya machungwa katoa yeye."

Unaona? Swali langu mwenyewe ndilo lililoivunja ile dalili. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kunionyesha njia, na nilipokigusa kikazimika. Na maelezo yake yalikuwa mazuri, na harufu ilikuwa na sababu. Wewe nawe siku zote ulikuwa na sababu. Ulikuwa na gari zima la machungwa.

Ningeweza kumwomba asogee ninuse. Nilikwisha kunusa, hata kabla sijajua kwamba nanusa. Ningeweza kuchukua dodoso nianze upya. Niliufungua mdomo, na swali lililotoka sikulipanga. Lilitoka dogo, kama la mtoto mwenye kiatu kimoja.

"Mzee, umekunywa?"

Hakukasirika. Alivua kofia, akaiweka juu ya mfuko wa machungwa.

"Leo hapana," alisema. "Jana nilifika mpaka mlangoni pa kilabu. Nilikaa pale nje kwenye jiwe mpaka wenzangu wakaanza kunicheka. Kisha nikarudi nyumbani. Hujawahi kuniuliza hivyo. Hata mke wangu haniulizi hivyo. Hunitazama tu."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mwanangu. Uniulize kesho."

Nilimwamini. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa ninapoandika, kwamba nilimwamini na sina kipimo cha kuonyesha kwa nini. Machungwa nilimrudishia, sheria za kazi haziruhusu. Alipofika mlangoni aligeuka. "Sasa salamu tufanyeje?" aliuliza. Nikamwambia, "Niamkie unavyotaka, mzee. Mimi nitauliza." Na tangu siku hiyo nampigia simu kila asubuhi, kabla hajaenda hospitali. Namwuliza. Mpaka leo amejibu hapana. Siku moja atajibu ndiyo, nadhani, na nimejiandaa kwa siku hiyo kuliko nilivyojiandaa kwa hizi nyingine, kwa sababu mtu akinijibu ndiyo nina la kufanya.

Baba, tulikusoma sana. Mama alisoma viatu vyako, mimi nilisoma salamu, yule mzee akausoma mtaa, baba mkubwa akalisoma gari. Nyumba nzima ya wabashiri, na wewe katikati umekaa unamenya muhogo, unangoja. Sijui ulikuwa unangoja nini. Usiku mwingine nadhani shikamoo zile ndizo zilikuwa jibu. Ulisimama mbele ya mtoto wako, umeinamisha kichwa, ukajibu swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuuliza, na sisi tukacheka.

Mwezi ujao nitakwenda Misima kupalilia kaburi lako. Nitapita mteremko ule kwa basi, nitafumba macho kama kawaida, nitasikia abiria wakinunua machungwa dirishani. Nitasimama pale chini ya mbaazi za baba mkubwa kama mtu aliyeingia ofisini kwa mtu. Umelala, umepumzika, hakuna usukani wala kibuyu kitakachokufikia tena, na swali langu halina kazi yoyote kwako. Nitakuletea hivyo hivyo. Leo nianze mimi, maana ndimi mdogo.

Shikamoo, baba. Umekunywa?

Mama yako mdogo,
binti yako wa Korogwe